Sakafu ya Tekla Haitang'olewa

Karatasi ilifika siku ya Jumanne, mwanzoni mwa Juni ya mwaka 1975, mvua zikiwa zimekwisha kukatika na upepo wa Iringa umeanza kuyatikisa mabati. Tekla aliipokea mlangoni, akakataa kusomewa. Mwaka uliotangulia alihitimu kisomo cha watu wazima, na tangu siku ile hakuwa tena mtu wa kusomewa jambo linalomhusu. Aliisoma neno kwa neno, kidole kikitangulia na macho yakifuata: nyumba yake iliyoko Gangilonga ina unyevu uliopita kiasi, sakafu yake ya mbao imeoza, nayo ni hatari kwa afya na uhai, kwa hiyo ihamwe, kisha ibomolewe, siku ya mwisho ya Julai.

"Umeielewa, mama?" aliuliza aliyeileta. Huyo alikuwa Ndugu Crispin, Bwana Afya wa mtaa, kijana mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi hata mikunjo yake ikaweza kukata mkate.

"Nimeielewa. Na wewe, nyumba umeielewa?"

"Harufu inatosha. Juzi nilisimama hapa hapa mlangoni, nikasikia harufu ya uyoga. Nyumba ya kuishi watu hainuki uyoga."

"Kumbe umeiandika kwa pua."

"Mama Liberatus, hii ni amri."

"Nimeiona kuwa ni amri. Nilikuwa natafuta ndani yake mahali uliposema umeingia chini ukatazama. Sijapaona."

Crispin alitabasamu kama watabasamuvyo wenye mihuri, akaaga, akaenda zake.

Nyumba hiyo ilijengwa zamani za ukoloni na mzungu mmoja mkulima wa tumbaku. Kuta aliziinua kwa matofali ya kuchoma, na sakafu hakuishindilia juu ya ardhi kama ilivyo ada ya wengi, bali aliining'iniza. Alisimamisha viguzo vifupi vya matofali, juu ya viguzo akalaza boriti, juu ya boriti akapigilia mbao. Kati ya mbao na ardhi pakabaki uwazi wa dhiraa moja na kidogo, ambamo mtu aweza kutambaa lakini hawezi kuketi. Alipoondoka nchini aliiacha nyumba, kwa barua yenye sahihi, mikononi mwa dereva wake Bartolomeo Kalinga, mume wa Tekla. Bartolomeo naye akaondoka, safari isiyo na marejeo, mwaka wa sitini na sita. Tekla akabaki na nyumba, na mwana mmoja aliyekuwa fundi magari kule Mbeya.

Mjane huyo aliitunza nyumba yake kwa namna aliyofundishwa na mama yake, naye mama alifundishwa na bibi. Kwao mwanamke hupimwa kwa chini ya ukuta wake. Kila Oktoba, kabla mvua haijashuka, huletwa udongo mwekundu kutoka bondeni, ukachanganywa na majivu, ukashindiliwa kuuzunguka msingi wa nyumba hata kimo cha goti, kisha ukasuguliwa kwa kiganja hadi ung'ae. Nyumba ya udongo isipovikwa hivyo, mvua huila miguu. Na katika mtaa mzima hapakuwa na ukuta uliovikwa vizuri kuliko wa Tekla. Wapita njia walisimama kuutazama. Miaka tisa mfululizo aliongeza tabaka juu ya tabaka, na sifa juu ya sifa.

Jumamosi ya wiki ile ile Liberatus alifika kutoka Mbeya. Alikuwa amepata habari ya amri, wala hakuja peke yake. Alikuja na fundi seremala aitwaye Asukile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mpana wa mabega na mpole wa sauti, aliyejifunza kazi yake katika karakana ya misheni.

"Mama," alianza Liberatus kabla chai haijamiminwa, "kule Ilomba, Mbeya, nimekwisha kukuandalia chumba. Sakafu ya saruji, kavu kama unga. Fundi huyu ataing'oa hii, zile mbao zitakazofaa tutazichukua, na mambo yataisha bila kelele."

"Na kaburi la baba yako, nalo umeliandalia chumba Ilomba?"

"Mama, usinipige kwa marehemu."

"Nakupiga kwa kilicho karibu. Fimbo ingekuwa karibu ningeichukua fimbo."

Asukile akajikohoza ili asicheke. Alikuwa amekwisha kuupiga ubao kwa kisigino mahali pawili patatu, akiinamisha kichwa kama mtu asikilizaye moyo wa mgonjwa.

"Mama, samahani," alisema. "Karibu na jiko mbao zinajibu vibaya. Lakini hapa sebuleni zinajibu vizuri. Nyumba iliyokufa haijibu namna mbili. Pana njia ya kushuka chini?"

Palikuwa na kifuniko cha mbao katika sakafu ya stoo. Kilipofunguliwa, harufu ilitoka nzito na baridi. Asukile akatia kichwa, akatia bega moja, la pili likagoma.

"Ndaga, asante sana! Mlango huu ulikatwa kwa ajili ya paka."

"Liberatus?" Tekla alimwelekea mwanawe.

"Mimi? Huko kuna nyoka, mama."

Tekla akafunga kitenge chake kwa nguvu kiunoni, akatwaa taa ya chemli na kisu cha jikoni, akajilaza kifudifudi mbele ya shimo, naye ana umri wa miaka hamsini na minane. Liberatus akamshika mkono. Akautoa mkono ule kama mtu atoaye unyasi nguoni, akaingia.

Waliokuwa juu walisikia magoti yakiburutwa.

"Unaona nini, mama?" aliita Asukile, akiwa amelaza shavu sakafuni.

"Naona boriti. Za upande wa jiko ni nyeusi. Zimeota pamba."

"Pamba?"

"Kama pamba. Nyeupe. Inanata vidoleni."

"Hiyo ni kuvu. Choma kisu."

"Kimeingia kama kwenye kiazi kilichoiva."

"Sogea katikati ya nyumba, uchome tena."

Magoti yakaburutwa tena. "Huku kinakataa. Kinaingia ncha tu."

"Vema sana! Sasa, mama, zima taa."

"Unasemaje wewe?"

"Zima taa, kisha uzitazame kuta, upande baada ya upande. Niambie nuru inaingilia wapi."

Taa ikazimwa. Liberatus alianza kusema neno, fundi akamnyamazisha kwa kiganja. Muda ulipita, kiasi cha mtu kuhesabu hamsini.

"Sioni nuru popote," sauti ya Tekla ilitoka chini, imebadilika kidogo. "Ni kama ndani ya chungu kilichofunikwa."

"Basi hapo ndipo ulipo ugonjwa. Papasa ukuta karibu na ardhi. Lazima pawe na matundu. Sakafu ya kuning'inia haijengwi bila matundu. Hewa huingia huku, ikatokea kule, ikauchukua unyevu wa ardhi kabla haujapanda kwenye mbao. Papasa."

Akapapasa. Vidole vyake vilipita juu ya matofali, vikaangukia kimia cha chuma, vikapenya katika vitundu vyake, na upande wa pili vikagusa udongo. Ulikuwa mgumu, umeshindiliwa barabara, una chembe za majivu. Mshonaji huutambua mshono wake hata gizani. Tekla aliutambua udongo ule.

"Mama! Umeumia?"

"Sijaumia. Nimekutana na mtu ninayemfahamu."

Alipotoka, uso wake ulikuwa na utando wa buibui, naye hakuufuta. Liberatus aliuliza ni nani aliyeyaziba matundu yale. Tekla akasema, "Mimi," akaenda moja kwa moja nje kuutazama ukuta wake uliong'aa.

Hapo ndipo lilipomrudia neno la Bartolomeo. Katika uhai wake, kila alipomwona mkewe na ndoo ya udongo, alimwambia, "Huko chini usiguse." Sababu hakuisema, kwa kuwa hakuwa nayo, aliipokea amri kwa bwana wake naye akaikabidhi vile vile alivyoipokea. Tekla aliidhania kuwa ni inda ya mwanamume asiyependa kuona mke akisifiwa. Alipofariki, hakubaki wa kukataza. Amri isiyo na sababu huzikwa pamoja na mwenye kuitoa, na yule asiyeambiwa kwa nini huiharibu nyumba kwa mikono ya mapenzi.

Liberatus akaona kuwa mlango umemfungukia. "Basi mama, umejionea mwenyewe. Nyumba umeiua. Tuizike kwa heshima, twende."

"Mgonjwa hazikwi kwa sababu aliyemlisha sumu ni mama yake. Fundi!"

"Naam, mama."

"Mwanangu amekuajiri ubomoe?"

"Ndivyo tulivyokubaliana."

"Basi bomoa. Lakini utabomoa nitakachokuonyesha."

Akaleta majembe mawili. La kwanza alimpa fundi, la pili akaliinua mwenyewe, akalishusha juu ya udongo aliousugua kwa viganja vyake miaka tisa. Pigo la kwanza liliacha alama tu. La nne likapasua.

Jirani yake Apolonia, ambaye kila mwaka walikwenda wote bondeni kuchimba, alisikia vishindo akaja mbio, mikono kichwani, akisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Mama Liberatus! Unaivua nyumba nguo mchana kweupe?"

"Inaoga."

"Watu watasema umefiwa tena! Ukuta huachwa hivi pasipo na mwanamke."

"Waambie wakija na kuni za matanga waziache kwangu. Baridi ni kali."

"Lakini ndio uliokuwa mzuri kuliko wote, Tekla," Apolonia alisema, sasa kwa masikitiko ya kweli.

"Najua. Ulikuwa mzuri kwa ninyi mliokuwa nje."

Apolonia hakushika jembe. Alirudi kwake akautangazia mtaa, na kwa siku kadhaa wanawake walipita wawili wawili, wakitazama kama watazamavyo ajali. Liberatus naye aliondoka Jumapili kwa hasira, akamwachia Asukile maneno haya: "Ukishindwa kumshawishi, usinitafute."

Asukile hakumshawishi. Maadamu kazi ilikuwa mbele yake, aliifanya. Walishusha udongo ukawa chini ya matundu kwa shibiri nzima, wakachimba mfereji wa kuyapeleka mbali maji yanayodondoka paani. Matundu yalikuwa manane, mawili kila upande. Siku walipolizibua la nane, waliondoa ubao mmoja kila chumba, na upepo wa mlimani ukapita chini ya nyumba kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Ulivuma katika nyufa za mbao kwa sauti nyembamba, hata Tekla akasimama jikoni na mwiko mkononi, akisikiliza.

Boriti tatu za upande wa jiko zilikuwa zimeoza vichwa. Fundi alizikata hadi alipoukuta mti mzima, akaziunga kwa mninga mkavu kwa bolti, na kabla ya kuzilaza alitia kipande cha bati juu ya kila kiguzo, ili unyevu wa matofali usipate ngazi ya kupandia. Pamba ile nyeupe waliikwangua wakaichoma moto mbali na nyumba.

Katika wiki ya tano Liberatus alirudi, amebeba madebe mawili ya oili chafu kutoka gereji. Aliyatua mlangoni.

"Msidhani nimekubali. Ingemwagwa tu."

"Hatujadhani kitu," alisema Tekla. "Mwaga huku."

Wakazipaka boriti oili, mwana akiwa amelala chali chini ya sebule ya baba yake, akilalamika juu ya nyoka ambao hakuwaona. Jioni alimkuta mama amejifunika mablanketi mawili, maana baridi ya Julai sasa ilipanda kutoka miguuni.

"Mama, utakufa kwa baridi humu."

"Nitakufa nikiwa mkavu."

"Tungemwaga kifusi na saruji juu yake, yangekwisha."

Asukile ndiye aliyejibu, pole pole, huku akifuta mikono. "Yangeanza. Ukiuziba unyevu chini, hauendi kulala. Utaingia ukutani. Mwaka wa pili tofali zingeanza kumeng'enyeka, na tofali huwezi kuzing'oa moja moja kama mbao."

Siku thelathini na moja ya Julai ilikuwa Alhamisi. Crispin alifika saa tatu asubuhi na vibarua wawili, Saulo na Abrahamu, wenye mitalimbo mabegani. Tekla aliwangojea mlangoni, hakuwa na fimbo wala panga. Alisimama tu, mkono mmoja kwenye mwimo wa kulia na wa pili kwenye mwimo wa kushoto. Liberatus na Asukile walikuwa nyuma yake.

"Mama, muda umekwisha."

"Unyevu nao umekwisha."

"Hilo si la kuamua mimi wala wewe. Taarifa yangu ilikwisha kupelekwa, na imekubaliwa."

"Taarifa yako iliandikwa hapa unaposimama. Leo ndani ya nyumba hii hautang'olewa ubao hadi aliyeandika taarifa awe ameingia chini. Akiingia, akaona imeoza, nitampa mtalimbo kwa mkono wangu. Asipoingia, aanze kunibomoa mimi."

"Ndugu Liberatus, mwambie mama yako."

Liberatus alimtazama Bwana Afya, akautazama mgongo wa mama yake. "Mimi mwenyewe nilitumwa chini," alisema. "Kifuniko kiko stoo."

Saulo, mkubwa kati ya vibarua, akauegemeza mtalimbo wake ukutani, akaketi juu ya jiwe. "Bwana Afya, ingia bwana. Sisi tunangoja. Mkono wa kubomoa nyumba ya mjane hauna haraka."

"Au suti ndiyo inaogopa?" aliongeza Abrahamu.

Crispin alikuwa amekuja kutekeleza amri, na sasa macho ya watu watano yalimngoja atekeleze jambo dogo kuliko amri. Akavua koti. Akalikunja vizuri, akatafuta pa kuliweka, Tekla akalipokea. Akaingia na tochi, mabega yake membamba yakipita bila shida.

Tekla alimfuata kwa juu, hatua kwa hatua, akisikiliza anapoburuta magoti.

"Kisu unacho?"

"Ninacho."

"Choma popote. Usichague pazuri."

Tok. Tok. Akasogea. Tok.

"Kinakataa," ilisema sauti ya chini ya mbao.

Tekla akainua mguu akaukanyagia ubao kwa uzito wake wote, juu ya kichwa cha mkaguzi. Vumbi likamwangukia, boriti haikutoa mlio.

"Mama!"

"Nakusaidia kukagua. Nenda jikoni."

Huko alikawia. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya ofisini. "Hii ya pili kutoka mwisho bado ina ubichi kidogo."

"Najua. Iandike. Sikuombi uandike uongo. Sasa zima tochi uniambie unaona nini."

"Nuru," alisema baada ya kitambo. "Naona nuru pande zote. Matundu manane. Na upepo unanipiga usoni."

Alipotoka alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Abrahamu alimpa mkono kumwinua. Crispin alichukua fomu kutoka katika mkoba, akapiga magoti sakafuni kwa kuwa meza ilikuwa imejaa vyombo vya fundi, akaandika kwa muda mrefu.

"Nimeandika kuwa sakafu imetengenezwa na ni imara, boriti moja haijakauka sawasawa, na amri ya kubomoa isimamishwe. Nitakuja tena Septemba. Nitaingia chini," aliongeza upesi, "kabla hujaniambia."

"Andika na hili: matundu yalizibwa na Tekla Kalinga kwa udongo wa kukandika, naye ndiye aliyeyazibua."

"Mama, fomu haina nafasi ya hayo."

"Igeuze."

"Lakini kwa nini ujishtaki mwenyewe, ilhali umeshinda?"

"Katika mtaa huu zipo nyumba nne nyingine zenye sakafu ya mbao, na zote zimekandikwa. Wenyewe walijifunza kwangu. Wewe ukiwapelekea amri, watafanya kama nilivyofanya mimi kwa amri ya mume wangu. Wapelekee sababu, na kosa langu liwe ndani yake, ili asiwepo wa kusema ni maneno ya watu wa ofisini."

Crispin akaigeuza karatasi, akaandika mistari mitatu, akampa. Tekla aliisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaanza kuisoma kwa kidole, neno kwa neno, na wanaume watano waliokuwa na safari zao wakasimama kumngoja. Alipofika mwisho, akairudisha.

"Umeandika ‘mwenye nyumba'. Mwenye nyumba ana jina."

Crispin akapiga magoti tena juu ya mbao, akaliandika.